Kuanzisha Shule ya Mtaa Mombasa: Mwongozo Kamili Kuanzia Daftari la Majina

Jumanne moja, saa tatu za asubuhi, nilikuwa nimesimama kwa mama muuza mahamri mtaani kwetu, upande wa Kisauni, nikingoja chai. Uwanja ulikuwa umejaa watoto. Wengine wanacheza gololi, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni. Siku ya shule hiyo, na saa za shule. Yule mama akaniambia bila kuinua macho kwenye karai lake: "Hawa wote hawajaandikwa popote. Hesabu mwenyewe." Nikahesabu. Walikuwa kumi na tisa, na huo ni uwanja mmoja tu.

Mwaka uliofuata tulikuwa na nasari. Mimi nilikuwa katibu wa kamati tangu kikao cha kwanza, na mengi ya haya nimeyaandika kwanza kwa mkono katika madaftari ya kamati kabla ya kuyaleta hapa. Watu wa mitaa mingine huja kuniuliza, na karibu wote huanza na swali lilelile: jengo tutapata wapi? Nawajibu kwamba jengo lina zamu yake. Kinachoifanya shule ya mtaa isimame imara ni maandishi matatu: orodha ya majina ya watoto, mkataba wa mahali, na daftari la fedha. Nimeona madarasa mazuri ya mawe yakifungwa kwa kukosa moja katika hayo matatu, na nimeona banda la mabati likidumu miaka kwa sababu yote matatu yalikuwepo.

Anza kwa kuhesabu watoto

Usiitishe mkutano kabla hujajua idadi. Tafuteni watu wawili, mmoja awe mwanamke anayejulikana mtaani, mpite nyumba hadi nyumba mkiwa na daftari la mistari. Waarifuni kwanza mzee wa mtaa na naibu wa chifu, vinginevyo mtadhaniwa ni watu wa kura au wa mikopo. Kila mtoto aandikwe jina kamili, umri, jina la mlezi, kama ana cheti cha kuzaliwa, na kwa nini hayuko shuleni.

Swali hilo la mwisho liulizeni taratibu, na mkipewa kiti, kaeni. Jibu la kwanza huwa ni pesa. Mkikaa kidogo hutoka mengine. Kwetu lilitoka suala la barabara: nasari iliyo karibu ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu ya Malindi, na hakuna mama anayemwachia mtoto wa miaka minne avuke magari yale peke yake. Lilitoka suala la cheti. Walitoka pia watoto watatu wenye ulemavu ambao majirani wenyewe hawakujua kama wapo, kwa sababu hawakuwa wakitolewa nje.

Ukimaliza kuhesabu, nenda kwa walimu wakuu wa shule za msingi za serikali zilizo karibu uwaulize wana nafasi ngapi. Halafu nenda ofisi ya elimu ya kaunti. Katiba ya 2010 ilikabidhi elimu ya nasari kwa serikali za kaunti, kwa hiyo huenda kuna mpango wa kujenga mtaani kwenu ambao hamkuwahi kuusikia. Kama upo, acheni haya yote, mkasukume huo.

Hapa nina msimamo, na nitausema wazi. Tangu Januari 2003 shule za msingi za umma hazitozi karo, na serikali hutoa shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Fedha hiyo ni kidogo na hucheleweshwa, lakini ipo, na walimu wa pale hulipwa mishahara na serikali. Mtaa maskini hauwezi kushindana na hayo kuanzia Gredi ya 1 hadi ya 6. Kwa hiyo, kama shule ya serikali inafikika kwa miguu, fungueni nasari tu, PP1 kwa watoto wa miaka minne na PP2 kwa wa mitano, kisha muwavushe. Kama haifikiki kabisa, ongezeni darasa moja kila mwaka, msiruke.

Kamati ya watu wanaofika

Itisheni baraza sasa, mkiwa na orodha mkononi. Someni idadi kwa sauti, msisome majina. Kwetu ukimya ulitanda, kwa sababu kila mtu alidhani ni mtoto wake peke yake.

Kamati nzuri ina watu wachache wanaohudhuria. Tuliweka tisa: watano akina mama, imamu, mchungaji, mzee wa mtaa, na kijana mmoja aliyesomea uhasibu ambaye alikuwa anangoja kazi. Kijana yule ndiye aliyetuokoa mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Mitaa ya Mombasa imechanganyika, Waislamu na Wakristo, wa mwambao na wa bara, na shule ikionekana ni ya upande mmoja tangu siku ya kwanza, nusu ya watoto hawataletwa.

Wanasiasa wasiwe ndani ya kamati. Waje kama wageni, wachange wakitaka, wapewe risiti. Mtu mmoja mwenye cheo alitaka tuipe shule jina lake kabla hajatoa hata mfuko wa saruji. Tulikataa, na tulichelewa miezi miwili kwa sababu hiyo, lakini uchaguzi ulipopita hakuna aliyekuja kuturushia lawama za kambi ya fulani.

Kikundi kiandikishwe chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022, katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Sheria inataka wanachama wasiopungua kumi, kwa hiyo kamati pamoja na wazazi mnatosha. Mtahitaji katiba fupi, nakala za vitambulisho na kumbukumbu za mkutano. Katiba ya mtandaoni mnaweza kuinakili mkaibadilisha, lakini vifungu viwili viandikeni wenyewe: nani anaweza kutoa pesa benki, na mali ya shule itakwenda kwa nani kikundi kikivunjika. Watu wa mtaa mmoja hawapendi kuulizana hayo wakiwa bado wanapendana, na ndiyo maana yafaa muulizane sasa.

Mahali: nyumba ya nani, ardhi ya nani

Hili ndilo kubwa kwa Mombasa, na anayetoka Nairobi au Kisumu huwa halielewi upesi. Hapa mtu anaweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Ni jambo la zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wadai ardhi zao kwa maandishi. Waliodai walipata hati, na wengi waliokuwa wakiishi na kulima pale wakawa wapangaji juu ya ardhi ya watu wengine. Hadi leo, Kisauni, Likoni, Majengo, Changamwe, utakuta mtu amejenga nyumba yake, ana watoto na wajukuu, na kila mwezi au mwaka hulipa kodi ya ardhi kwa familia ambayo pengine haishi hata Kenya.

Kwa hiyo mzee akikwambia "nyumba hii yangu, chukueni vyumba viwili vya uani muanze," mshukuru sana, halafu umuulize: na ardhi? Sisi hatukuuliza. Tulipaka rangi, tukatoboa madirisha, tukajenga choo, na mwezi wa tano akaja mwakilishi wa mwenye ardhi kutuambia kwamba choo kimejengwa bila idhini na kibomolewe. Alikuwa na haki yake kisheria. Tulikaa naye vikao vinne, tukaandikiana upya, na kodi ikapanda. Choo kilibaki, lakini jasho lilitutoka.

Fanyeni hivi. Kwanza pateni namba ya ploti na mfanye upekuzi katika ofisi ya ardhi ili mjue hati ina jina la nani na kama imewekwa rehani. Pili, mkataba uwe wa maandishi, na uwekwe saini na mwenye nyumba na mwenye ardhi wote wawili, mbele ya wakili. Wakili wa kuandika kurasa tatu si ghali kama mnavyodhani, na wengine mjini watawafanyia kwa nusu bei mkieleza ni shule ya watoto. Tatu, muda usipungue miaka mitano, na ielezwe kwamba mkiondolewa kabla, mtapewa muhula mzima wa kuhama. Mkija kununua ardhi siku moja, iandikwe kwa jina la wadhamini walioandikishwa kisheria. Isiandikwe kwa jina la mwenyekiti hata akiwa walii. Akifa, warithi wake ndio wenye shule.

Ipo njia nyingine yenye mizizi hapa kwetu: wakfu. Ardhi iliyowekwa wakfu haiuzwi, na Tume ya Wakfu ya Kenya ina makao yake hapahapa Mombasa. Misikiti mingi ina vyumba vinavyokaa bure asubuhi. Programu ya nasari za madrasa iliyoungwa mkono na Aga Khan Foundation ilianza Mombasa miaka ya 1980 kwa njia hiyohiyo: wazee wa Kiislamu waliona watoto wao wanachelewa kuingia shule za msingi, wakaomba msaada, mwalimu mwanamke mwenyeji akafundishwa, na jamii ikatia saini makubaliano ya nani atafanya nini. Mfano ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Makanisa nayo yana kumbi zisizotumika siku za wiki. Mkichukua chumba cha msikiti au kanisa, bado andikeni mkataba. Imamu huhamishwa, mchungaji huhamishwa.

Mwisho kuhusu mahali, zungukeni mtazame majirani. Kule Owino Uhuru, Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu ya madini ya risasi kwenye udongo na hewa ya kijiji kizima, na watoto ndio walioumia zaidi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, lakini fidia haiitoi risasi mwilini mwa mtoto. Gereji ya betri, jaa la takataka, kisima cha wazi, nyaya zilizoning'inia: mkiviona, tafuteni kwingine.

Usajili serikalini

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtu kuendesha shule bila kusajiliwa, kwa hiyo msianze kimyakimya mkisema mtajisajili baadaye. Mwaka 2015 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kusajili shule za mitaa kama hizi, ambazo maofisini huitwa APBET, kwa kutambua kwamba kwenye mitaa iliyobanana huwezi kupata ekari za uwanja. Anzieni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Ulizeni orodha ya wanavyotaka, muiandike, na muondoke na jina la afisa atakayeshughulikia faili yenu.

Watakuja wakaguzi wa aina mbili. Wa ubora wa elimu ataangalia walimu, mtaala na nafasi. Wa afya ya umma ataangalia vyoo, maji, jiko na hewa. Ripoti zao hupelekwa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Wa afya mkaribisheni mapema kabla hamjajenga chochote, aje kama mshauri. Alikuja kwetu akasimama uani, akaonyesha kwa kidole mahali ambapo tungechimba choo, akasema, "Hapa maji ya mvua yatawarudishia kila kitu darasani." Dakika tano tu, na zilituepusha na hasara ya pili.

Vyoo, maji na joto

Kipimo kinachotumika Kenya ni tundu moja la choo kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30, na vitenganishwe. Kwa nasari, tundu liwe dogo. Mtoto wa miaka minne akiogopa kutumbukia hatakwenda, atajizuia hadi arudi nyumbani, na atakuja kuugua.

Milango ya darasa ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na nondo. Hiyo ni kanuni ya usalama wa shule tangu 2008, na wizi wa usiku si sababu ya kuivunja. Vifaa vya thamani lazeni nyumbani kwa mjumbe.

Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, Tiwi, na yakikatika hukatika kwa wiki. Visima vya mitaani vingi ni vya chumvi, vinafaa kufulia na kuoshea vyoo. Maji ya kunywa mtanunua kwa muuza maji wa mkokoteni, kwa dumu la lita ishirini. Wekeni tangi moja la kuvuna mvua ya masika, na yote ya kunywa yatiwe klorini au yachemshwe. Kata mtungi wa plastiki, uutie mfereji mdogo, uuweke nje ya choo na kipande cha sabuni kwenye wavu. Kazi ya kuujaza ipeni jina la mtu. "Tutajaza sote" maana yake utakuwa mkavu.

Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari, kaskazi ikiwa imepamba moto, na darasa la mabati la kimo cha chini hugeuka tanuri ifikapo saa nne. Makuti ni baridi lakini hushika moto upesi na hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Sisi tulibaki na mabati, tukainua paa futi mbili na kuacha nafasi juu ya ukuta hewa ipite, na madirisha tukayaelekeza kaskazini na kusini ili pepo zote mbili za mwaka zipate njia. Watoto waliokuwa wakisinzia waliacha kusinzia.

Mwalimu

Mwalimu mmoja mzuri anayelipwa kwa wakati anazidi walimu watatu wanaoambiwa pole kila mwisho wa mwezi. Awe na cheti au diploma ya elimu ya chekechea, na awe amesajiliwa na TSC, yaani Tume ya Utumishi wa Walimu, kwa maana sheria ya tume hiyo ya 2012 haimruhusu asiyesajiliwa kufundisha. Msichana wa mtaani aliyemaliza kidato cha nne na anayependa watoto awe msaidizi, na mumsaidie kwenda kusomea wakati wa likizo. Wote wawe na cheti cha tabia njema kutoka polisi. Wote, pamoja na mpishi, mlinzi, hata mtoto wa mwenyekiti anayekuja "kusaidia tu". Na kiboko kisiingie shuleni: kupiga mwanafunzi kumekatazwa Kenya tangu 2001, na sheria ya 2013 ikakazia.

Kwenye mahojiano tuliwaacha waombaji na watoto kumi kwa nusu saa, bila vitabu, tukakaa barazani kusikiliza. Mmoja aliwapanga mstari akawaamuru wanyamaze. Wa pili aliokota vifuu vya nazi na visoda uani, na ndani ya robo saa watoto walikuwa wanahesabu hadi saba na kubishana ni nani ana vingi. Huyo ndiye tuliyemwajiri. Mtaala wa umilisi unataka mtoto wa nasari ajifunze kwa kushika na kutenda, na pwani yetu haijakosa vitu vya kushika: simbi, ukili, mbegu za ubuyu, mchanga. Lugha ya darasa iwe Kiswahili. Wazazi watadai Kiingereza ili waone wanachokilipia, na mwalimu awafundishie nyimbo mbili tatu za Kiingereza watoto wao wakaimbe nyumbani, lakini hesabu na hadithi mtoto azisikie kwa lugha anayoiota.

Fedha

Waliotutangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali inapotimia haraka kama kwenye mchango wa shule.

Wazazi wa kwetu ni mahamali, madereva wa tuktuk, akina mama wa kufua na wa kupika. Hupata kwa siku. Tulipotoza karo kwa muhula, ni wazazi sita tu waliolipa. Tulipogeuza ikawa kiasi kidogo kila asubuhi, pamoja na uji, karibu wote walilipa. Tumia namba ya till, ya kupokea malipo ya simu, iliyo kwa jina la kikundi, isiwe simu ya mweka hazina. Asiye na simu alipe mkononi na apewe risiti ya karatasi. Mtoto asirudishwe mlangoni kwa sababu ya pesa. Deni ni la mzazi, liandikwe kwa mzazi. Kila mwisho wa mwezi bandikeni ukutani karatasi moja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Hata kikibaki shilingi arobaini, iandikeni arobaini.

Mpangilio wa matumizi ni mshahara kwanza, kisha uji, kisha kodi, kisha kila kitu kingine. Uji nauweka juu kwa makusudi. Unga wa mahindi uliochanganywa na mtama, sukari kidogo, saa nne kamili. Kuna watoto wanaokuja kwa ajili yake, na wakishakuja hujifunza. Mpishi awe na cheti cha afya cha kuhudumia chakula, ambacho huchukuliwa upya kila baada ya miezi sita.

Harambee tumia kwa kitu kimoja kinachoonekana, kama choo au tangi, usiitumie kwa mishahara. Na wafadhili, pokeeni kwa adabu bila kuacha kazi kuwasubiri. Mmoja alikuja na kamera, akawapiga watoto picha wakiwa wameketi chini, akaahidi madawati sitini. Hatukumwona tena. Watoto walikaa kwenye mikeka mwaka mzima, na mikeka kwa nasari haina ubaya wowote ikifagiliwa. Tangu siku hiyo, picha za watoto kwetu hupigwa kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa.

Wiki za kwanza

Fungueni na watoto wachache kuliko mnavyoweza kuwapokea. Tulianza na kumi na wanane ingawa orodha ilikuwa na zaidi ya arobaini, tukaongeza wanane kila baada ya wiki mbili. Mwalimu alijifunza majina, watoto wakaacha kulia, na mama zao wakaenda kuwaambia wengine.

Saa ziwe za kuanzia mbili asubuhi hadi sita mchana. Msigusane na saa za chuo, yaani madrasa. Watoto wengi wa Kiislamu huenda chuoni alasiri, na maalim akiona mnamnyang'anya wanafunzi mtakuwa mmejitafutia mpinzani msiyemhitaji. Mwendeeni mapema, mpange naye. Ramadhani tulisogeza mwisho wa masomo hadi saa tano, uji ukaendelea kwa watoto wote wadogo kwa sababu hawajafikia kufunga.

Pateni kengele. Yetu ni rimu ya gurudumu iliyofungwa kwenye mwarobaini. Pale Nyali, Kengeleni, bado ipo kengele ya Freretown, kijiji walichowekwa watumwa walioachiliwa huru kuanzia 1875; ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu kwamba watekaji wanakuja. Niliwaeleza wazazi habari hiyo siku ya kufungua, kwamba hapa mjini kengele iliwahi kuwa ulinzi wa watoto. Rimu ikipigwa, mtaa mzima hujua ni saa mbili, na mtoto aliye uwanjani huulizwa na mtu mzima yeyote apitaye.

Mahudhurio yaandikwe kila siku. Mtoto akikosa siku mbili, siku ya tatu mjumbe mmoja aende nyumbani. Tulimkuta mmoja na homa kali ya malaria, mama yake yuko kazini Nyali, dada wa miaka tisa ndiye muuguzi.

Vyeti vya kuzaliwa

Ningeweza kuandika mwongozo wa hili peke yake. Mtoto anapoingia Gredi ya 1, shule ya serikali humwandikisha kwenye mfumo wa wizara, na mfumo huo hutaka namba ya cheti cha kuzaliwa. Asiye nacho huambiwa aje nacho, na mzazi aliyeambiwa hivyo mara mbili huacha kurudi. Katika orodha yetu ya kwanza, zaidi ya nusu hawakuwa nacho. Basi msingoje Novemba. Anzeni kazi ya vyeti mwezi wa pili.

Wagaweni watoto mafungu. Waliozaliwa hospitali na wana karatasi ya taarifa ya kuzaliwa ndio wepesi. Waliozaliwa nyumbani walipaswa kuandikishwa kwa naibu wa chifu. Kuandikisha kuzaliwa baada ya miezi sita huhesabiwa ni kwa kuchelewa, na hapo huhitajika vielelezo zaidi: kitambulisho cha mzazi, kadi ya kliniki, barua ya chifu. Fungu gumu ni la watoto ambao wazazi wao wenyewe hawana vitambulisho. Hapo hamna budi kuanza na mzazi, na yaweza kuchukua mwaka.

Tulichofanya ni kumwomba naibu wa chifu aje shuleni Ijumaa moja asubuhi, badala ya akina mama thelathini kupoteza kibarua cha siku kwenda ofisini kwake. Alikaa kwenye dawati moja chini ya mwarobaini, na mimi kando yake na orodha. Bibi mmoja alileta kadi ya kliniki ya mjukuu ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine, ndani ya kanga. Nyumba yao iliwahi kuingia maji, akaapa karatasi hiyo haitalowa tena. Jina la mtoto kwenye kadi lilikuwa limekosewa herufi moja, na herufi hiyo ilitaka kiapo mbele ya wakili. Kwa hiyo linganisheni majina kwenye kadi, kitambulisho na orodha yenu kabla ya siku hiyo, herufi kwa herufi. Omari na Omar ni watu wawili mbele ya karani.

Kila mtoto awe na faili lake: nakala ya cheti, kadi ya chanjo, simu ya mlezi, na kurasa mbili za mwalimu kuhusu anachokiweza. Faili zikae kwenye sanduku la bati, juu, mbali na mvua.

Mwisho wa mwaka

Oktoba nendeni kwa walimu wakuu wa shule za msingi na orodha ya watoto wa PP2, muombe nafasi kwa majina. Siku ya kuandikisha mjumbe afuatane na wazazi, abebe faili, na mwalimu mkuu atie saini kwenye daftari lenu kwamba amempokea mtoto fulani. Msiishie hapo. Februari rudini mkiwa na daftari lilelile, darasa kwa darasa.

Sisi tuliwavusha kumi na wanne mwaka wa kwanza. Februari tuliwakuta kumi na wawili. Mmoja alikuwa amehamia Kilifi kwa bibi yake, tukapiga simu, anasoma. Wa pili tulimkuta nyumbani, faili lake limekamilika, cheti kipo, nafasi ipo. Mama yake alikuwa hana pesa ya sare na viatu na aliona haya kusema. Mchango wa jioni moja ulitosha, na Jumatatu akaingia darasani. Tangu hapo, kwenye bajeti ya Novemba kuna mstari wa sare za watoto watatu, na hakuna mwaka ambao haukutumika.